Mtoto Si Kazi ya Mikono Yetu: Historia ya Wazazi Waliotaka Kutengeneza Watoto Wenye Akili Nyingi

Mchungaji wa Lochau

Karibu na mji wa Halle, huko Ujerumani, kipo kijiji kiitwacho Lochau. Mwaka 1800 mchungaji wa kijiji hicho, Karl Witte, alipata mtoto wa kiume akampa jina lake mwenyewe. Kabla mtoto hajazaliwa, mchungaji huyo alikuwa amekwisha kuwaambia rafiki zake kwamba akipata mtoto mwenye afya, atamlea awe mtu bora kuliko wengine. Aliamini kwamba tofauti kati ya mtu wa kawaida na mtu wa ajabu haitokani na kuzaliwa bali na malezi, na kwamba malezi hayo lazima yaanze mapema sana. Wahenga wetu wangemwelewa: samaki mkunje angali mbichi.

Alifanya kama alivyosema. Mtoto Karl alipofika umri wa miaka tisa alikuwa amejifunza, mbali na Kijerumani chake, Kifaransa, Kiitalia, Kilatini, Kiingereza na Kigiriki. Kabla hajatimiza miaka kumi alipokewa katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Mwaka 1814, akiwa na miaka 13, Chuo Kikuu cha Giessen kilimpa udaktari wa falsafa. Akiwa na miaka 16 alipata udaktari wa sheria huko Heidelberg.

Yawezekana msomaji anasubiri kusikia kwamba mtoto huyo aliharibika. Hakuharibika. Alikuwa profesa wa sheria, akawa pia mmoja wa wataalamu wakubwa wa maandishi ya Dante, mshairi wa Italia, akafariki mwaka 1883 akiheshimiwa na wengi. Kwa hiyo historia hii haianzi na msiba. Inaanza na baba aliyempenda mwanawe, aliyejitahidi, na aliyefanikiwa.

Ila mwaka 1819 baba huyo alichapisha kitabu kueleza jinsi alivyofanya. Kiini chake kilikuwa hiki: mtoto alizaliwa wa kawaida, na yote yaliyoonekana kwake ni matunda ya malezi ya baba yake. Tulitafakari neno hilo. Ni neno la mwalimu hodari, na lina ukweli ndani yake, kwa maana watoto wengi wanabaki nyuma kwa sababu tu hawakufundishwa. Lakini pia linahamisha kitu. Sifa ya mtoto inatoka kwa mtoto na kwa Mungu aliyemwumba, inakwenda kukaa kwa mzazi.

Swali la insha hii linaanzia hapo. Je, mtoto ni zawadi tunayoipokea na kuilea, au ni kazi tunayoitengeneza ili ituletee sifa? Kwa miaka zaidi ya mia mbili wazazi na wataalamu wamelijibu swali hili kwa njia mbalimbali, na majibu yao yana mengi ya kutufundisha sisi washarika tunaolea watoto leo.

Baba wawili wa Boston

Karibu miaka mia moja baada ya Witte, huko Boston na Cambridge nchini Marekani, waliishi baba wawili waliofanana sana. Wote walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka himaya ya Urusi, wote walifika wakiwa hawana kitu, na wote walipanda ngazi kwa njia ya elimu. Boris Sidis alikuwa mtaalamu wa saikolojia. Leo Wiener alikuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Harvard, naye ndiye aliyekitafsiri kitabu cha Witte kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1914.

Tusiwahukumu haraka. Mhamiaji asiye na shamba, asiye na ukoo wa kumbeba, anampa mtoto wake kile alicho nacho, na hawa walikuwa na elimu. Wazazi wetu wengi waliouza ng'ombe na kahawa ili kulipa ada wanaielewa hamu hiyo.

Mtoto wa Boris, William James Sidis, aliingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11. Miezi michache baadaye alisimama mbele ya wanahisabati wa chuo akatoa mhadhara juu ya jometri ya vipimo vinne. Magazeti yalimwandika nchi nzima. Baba yake naye aliandika na kusema hadharani juu ya mbinu zake za malezi, na mtoto ndiye aliyekuwa ushahidi wake. Alipokuwa mtu mzima, William alijitenga na wazazi wake. Aliacha kazi ya kufundisha hisabati, akatafuta kazi ndogo ndogo za karani, za kuendesha mashine ya kujumlisha. Starehe yake ilikuwa kukusanya tiketi za kubadilishia tramu, na mwaka 1926 alitoa kitabu kizima juu ya tiketi hizo. Alitaka kitu kimoja tu, aachwe aishi kama mtu wa kawaida. Hakuachwa. Mwaka 1937 gazeti moja la New York lilimfuatilia na kumwandika kwa dhihaka. Alishtaki, na mwaka 1940 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba watu bado walikuwa na haki ya kujua yaliyompata yule mtoto wa ajabu. Alifariki mwaka 1944 akiwa na miaka 46.

Mtoto wa Leo, Norbert Wiener, alimaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka 14, na udaktari wa Harvard akiwa na miaka 18. Yeye aliendelea vizuri kuliko mwenzake, akawa mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa karne iliyopita. Hata hivyo, mwaka 1953, akiwa mtu wa karibu miaka 60, alipoandika habari za utoto wake, jeraha lilikuwa bado bichi. Alieleza jinsi masomo ya hisabati nyumbani yalivyoanza kwa utulivu, na jinsi baba mpole alivyogeuka mkali mara kosa lilipotokea, mpaka mtoto analia. Lakini lililomwumiza zaidi halikuwa ukali. Baba yake alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba watoto wake hawana kipaji chochote cha pekee, bali wamefika hapo kwa sababu ya mafunzo yake. Norbert alilisoma jambo hilo likiwa limechapishwa. Alilielewa hivi: akishindwa, kosa ni lake, akifaulu, sifa ni ya baba.

Hapo ndipo ubaya wa jambo hili ulipo. Mtoto huyo hakunyimwa chakula wala shule wala hata upendo. Alinyimwa kuwa yeye mwenyewe. Alikuwa barua ya sifa iliyoandikwa na baba, ikasomwa na watu wengine.

Mtoto wa nyoka ni nyoka

Witte na wafuasi wake walisema malezi ndiyo kila kitu. Wakati huohuo ilikuwapo sauti nyingine iliyosema kinyume kabisa, kwamba damu ndiyo kila kitu. Mwenye sauti hiyo alikuwa Mwingereza Francis Galton, binamu wa Charles Darwin. Mwaka 1869 alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba watu mashuhuri hutoka katika koo zilezile, akahitimisha kwamba akili hurithiwa kama vile rangi ya macho. Hakutilia maanani sana kwamba koo hizo pia zilikuwa na fedha, shule na marafiki. Mwaka 1883 alibuni neno yujeniki, kutoka Kigiriki, lenye maana ya uzao ulio mzuri. Alitaka wenye akili waoane na kuzaa wengi, na wanaohesabiwa dhaifu wazae wachache. Yeye mwenyewe na mkewe hawakujaliwa mtoto.

Mawazo hayo yalivuka bahari. Mwaka 1907 jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu walioitwa wapungufu wa akili. Mwaka 1920, katika maonyesho ya kilimo ya Kansas, ambayo tunaweza kuyafananisha na Nane Nane yetu, kulianzishwa mashindano ya familia bora: watu walipimwa na kupewa alama mahali palepale walipopimwa ng'ombe na nguruwe. Walioshinda walitunukiwa.

Mwaka 1927 kesi ya binti mmoja wa Virginia, Carrie Buck, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Ilidaiwa kwamba yeye, mama yake na mtoto wake mchanga wote walikuwa wapungufu wa akili. Majaji wanane kati ya tisa walikubali afungwe kizazi. Yule mtoto, Vivian, alipoanza shule alifanya vizuri, hata jina lake likaandikwa katika orodha ya wanafunzi bora. Aliugua akafariki mwaka 1932 akiwa na miaka 8. Serikali ilikuwa imekata shauri juu ya akili yake kabla hajajua kuongea. Kwa sheria za namna hiyo, zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa kizazi katika karne ya 20.

Huko Ujerumani sheria ya namna hiyo ilipitishwa Julai 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, na watu wapatao 400,000 wakafungwa kizazi. Kuanzia 1939 hatua ikasogezwa mbele. Wagonjwa wa akili na walemavu walichukuliwa kwa mabasi kutoka kwenye nyumba walizotunzwa, wakauawa kwa gesi. Mpaka Agosti 1941 zaidi ya 70,000 walikuwa wamekufa kwa njia hiyo.

Mtu anaweza kuuliza: mzazi anayetamani mtoto mwenye akili anahusikaje na mauaji hayo? Mzazi mmoja mmoja hahusiki. Lakini ukishakubali kwamba thamani ya mtoto hupimwa kwa akili yake, umekubali pia kwamba wako watoto wenye thamani ndogo. Kilichobaki ni swali la nani atashika mizani.

Kanisa lilisema nini?

Tungependa kusikia kwamba Kanisa lilisimama imara tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Mwaka 1926 chama cha yujeniki cha Marekani kilitangaza zawadi za fedha kwa wachungaji watakaoandika mahubiri bora ya kutetea mawazo hayo, na wachungaji walishindana. Huko Ujerumani, Mei 1931, kabla ya Hitler kushika madaraka, wakuu wa kazi za huruma za makanisa ya Kiprotestanti walikutana Treysa, wakakubali kwamba kufunga kizazi kwa hiari kunaweza kuruhusiwa katika hali fulani. Sheria ya kulazimisha ilipokuja miaka miwili baadaye, ilikuta mlango umeachwa wazi.

Historia hiyo inatugusa sisi Walutheri wa Tanzania kwa namna ya pekee. Karibu na mji wa Bielefeld ipo Bethel, mahali palipojulikana kwa kuwatunza wenye kifafa na walemavu. Misheni ya Bethel ndiyo iliyofanya kazi Usambara na Bukoba, na sharika nyingi za huko zimezaliwa katika kazi hiyo. Chini ya sheria ya 1933, watu waliotunzwa Bethel walifungwa kizazi, na viongozi wake hawakupinga. Lakini mwaka 1940, walipotumiwa fomu za kuorodhesha wagonjwa na kutambua maana yake, kiongozi wa Bethel, Friedrich von Bodelschwingh, alikataa kuzijaza. Mchungaji mwenzake, Paul Gerhard Braune, aliandika waraka wa kupinga mauaji akaupeleka serikalini, naye akakamatwa na polisi wa siri. Askofu Theophil Wurm wa Württemberg, Mlutheri, aliandika barua kwa waziri. Mwaka uliofuata askofu Mkatoliki von Galen alihubiri waziwazi huko Münster.

Ni muhimu tuyaseme yote mawili. Kanisa lilipokubali kwamba wengine wasizaliwe, lilikuwa limejinyima maneno ya kuwatetea waliokwisha kuzaliwa, na ilibidi liyatafute upya kwa hofu na kwa gharama. Urithi mwema wa Bethel nao tunao: Lutindi, katika milima ya Usambara, wagonjwa wa akili wanatunzwa mpaka leo chini ya Kanisa letu. Hapo mtu hapokewi kwa sababu ya alama zake.

Orodha ya Escondido

Baada ya vita wengi waliacha kulitumia neno yujeniki, lakini tamaa yake haikufa. Ilibadilisha mavazi. Zamani ilivaa sare ya serikali na kulazimisha watu. Sasa ilikuja kwa mzazi kama mfanyabiashara mwenye bidhaa nzuri.

Mwaka 1980 watu walipata habari za tajiri mmoja wa California, Robert Graham, aliyejipatia utajiri kwa kutengeneza vioo vya miwani vya plastiki visivyovunjika. Katika mji wa Escondido alikuwa ameanzisha hazina ya mbegu za kiume, na alikusudia wachangiaji wawe washindi wa Tuzo ya Nobel. Mshindi mmoja tu alikubali kutajwa hadharani kuwa amechangia, naye ni William Shockley, aliyepata tuzo ya fizikia mwaka 1956. Huyo ndiye aliyezunguka Marekani akidai kwamba watu weusi wana akili ndogo kwa kuzaliwa, na akapendekeza watu wenye alama ndogo za akili walipwe fedha wakubali kufungwa kizazi. Tuliopo upande huu wa dunia tunapaswa kukumbuka mizani hiyo ilishikwa na nani.

Graham aliwapelekea kina mama orodha. Ndani yake wachangiaji hawakutajwa majina bali walielezwa: urefu, rangi ya macho, kazi, kipimo cha akili, vipaji vya muziki na michezo. Mzazi alichagua kama anayechagua kitambaa dukani. Lakini wanawake wengi walioandika Escondido walikuwa na waume wasioweza kuzaa. Kilio chao kilikuwa kilio cha Hana pale Shilo, na hakuna mchungaji anayepaswa kukidharau. Waliomba mtoto, wakaletewa orodha.

Hazina hiyo ilifungwa mwaka 1999, miaka miwili baada ya Graham kufariki. Watoto zaidi ya 200 walikuwa wamezaliwa, na hakuna hata mmoja aliyetokana na mshindi wa Nobel. Mmoja wa wale wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1982, alionyeshwa mbele ya kamera tangu utotoni kama ushahidi kwamba jambo limefaulu, maana kweli alikuwa na alama za juu sana za akili. Alipokua alichagua kusoma mambo ya dini, akawa mtu mkimya mwenye haya. Alisema hadharani kwamba kutafuta kuzaa watu wa akili nyingi lilikuwa wazo baya, kwamba akili haimfanyi mtu kuwa mwema, na kwamba alichokihitaji mtoto ni kupendwa. Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Alijua mwenyewe mzigo wa kuzaliwa ukiwa umekwisha kutarajiwa.

Leo mambo yamekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1978, alipozaliwa mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya tumbo la mama, wengi waliokosa watoto wamepata, nasi tunamshukuru Mungu kwa ufundi huo. Lakini sasa zipo kampuni Marekani zinazopima viinitete kadhaa vya wazazi wamoja na kuwapa makadirio ya yupi atakuwa na akili zaidi, ili huyo apandikizwe. Makadirio hayo ni dhaifu; akili ya mtu hutokana na vinasaba vingi mno vikichanganyika na lishe, malezi, shule na mengine mengi. Na mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao alikuwa amebadilisha vinasaba vyao. Yeye alisema alitaka kuwakinga na virusi vya UKIMWI, si kuwaongezea akili. Ulimwengu wa sayansi ulimlaani, na mwaka 2019 mahakama ya nchi yake ikamfunga miaka mitatu. Mlango huo hata hivyo umeonekana. Kumtibu mtoto ugonjwa ni kazi ya huruma, na Bwana wetu alikuwa mponyaji. Kumchagua au kumbadilisha ili awashinde wengine ni jambo jingine.

Nyumba ya Hans Luther

Sisi tunaoitwa Walutheri tuna historia ya nyumbani kuhusu jambo hili. Hans, baba yake Martin Luther, alikuwa na tanuri za kuyeyushia shaba huko Mansfeld. Alijinyima ili mwanawe asome, na shabaha ilikuwa moja: Martin awe mwanasheria, apate cheo, aiinue familia. Mwaka 1505 Martin alipata shahada ya pili huko Erfurt, akaanza sheria. Julai mwaka huohuo alikumbwa na radi karibu na Stotternheim, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, na siku 15 baadaye akabisha hodi kwenye monasteri. Baba yake alikasirika sana. Hata mwaka 1507, kwenye misa ya kwanza ya mwanawe, alimkumbusha mezani ile amri ya kuwaheshimu baba na mama.

Luther hakulisahau neno lile. Mwaka 1521 alimwandikia baba yake utangulizi wa kitabu juu ya nadhiri za watawa. Alikubali kwamba baba alikuwa na haki ya kukasirika, lakini alisema pia kwamba aliyemtoa monasterini ni Kristo, na kwamba mwenye haki ya kwanza juu yake ni huyo.

Luther hakuwa adui wa elimu. Mwaka 1524 aliwahimiza madiwani wa miji wafungue shule za wavulana na wasichana, na mwaka 1530 aliwaonya vikali wazazi wanaowaacha watoto wenye uwezo bila kuwasomesha. Lakini sababu aliyoitoa ni jirani: nani atahubiri, nani atatibu, nani ataamua kesi za maskini? Na katika Katekisimu Kubwa, akieleza Amri ya Nne, aliwakemea wazazi wanaodhani wamepewa watoto kwa ajili ya starehe yao, na watumishi ili wawatumie kama ng'ombe au punda.

Na watoto wake mwenyewe? Hans, mzaliwa wake wa kwanza wa kiume, alisoma sheria akawa mwanasheria. Martin mdogo alisoma theolojia lakini hakuwahi kuwa mchungaji. Paul alikuwa daktari wa tiba. Babu alitaka mwanasheria akapata mtawa; mtawa akapata mtoto mwanasheria. Mungu alikuwa na mpango wake katika nyumba ile, na haukuwa mpango wa baba yeyote.

Na sisi je?

Hapa kwetu hakuna hazina ya Escondido, na washarika wengi hawatawahi kuona orodha ya viinitete. Tunazo orodha nyingine. Matokeo ya mitihani yakitoka, mtoto wa Daraja la Kwanza anarushwa kwenye makundi ya simu ya ukoo mzima, na wa Daraja la Nne hatajwi. Wako watoto wanaokosa mafundisho ya kipaimara mwaka mzima kwa sababu ya masomo ya ziada ya Jumamosi. Wako wanaosoma udaktari kwa sababu baba aliukosa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Swali ni kama nasi nyumbani tumeiacha ile orodha yetu.

Kumtakia mtoto mema si dhambi. Mama wa wana wa Zebedayo alipokwenda kuwaombea wanawe viti vya mkono wa kuume na wa kushoto, Yesu hakumfukuza. Aliwageukia wanawe wenyewe akawauliza kuhusu kikombe, kisha akawafundisha wote kwamba mkubwa ni yule anayetumika. Hana naye aliomba mtoto kwa machozi, na alipompata alimrudisha kwa Bwana, wala hakumfanya kuwa jibu kwa Penina aliyemcheka. Wazazi hawa wawili walitamani. Tofauti iko katika kile mtoto alichopaswa kuwafanyia.

Kwa hiyo tujiulize maswali machache. Mtoto wangu akifaulu, furaha yangu ni kwa ajili yake au kwa ajili ya jina langu? Akishindwa, huzuni yangu ni kwa ajili yake au ni aibu yangu mbele ya watu? Je, kipo chochote anachokipenda ambacho mimi sikukichagua? Na mtoto wangu asiyeweza kusoma kabisa, anayehitaji kulishwa na kuvalishwa, je, ninamtoa nje wageni wamwone, au ninamficha chumba cha nyuma?

Kanisa letu linabatiza watoto wachanga. Wengine wanatucheka kwa sababu mtoto hajui lolote, hajaamua lolote, hajafanya lolote. Sisi tunajibu kwamba hivyo ndivyo neema ilivyo. Kabla hajapimwa na mwalimu yeyote, Mungu amekwisha kumwita kwa jina na kumfanya wake. Mtoto atakayekuwa profesa na mtoto atakayebaki na akili ya miaka mitatu wanamwagiwa maji yaleyale, kwa maneno yaleyale. Katika Kifungu cha Kwanza cha imani, Katekisimu Ndogo inatufundisha kukiri kwamba akili na viungo vyetu tumepewa na Mungu bila kustahili. Kilichotolewa bure hakiwezi kuwa hati ya kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine.

Wazazi wapendwa, tusomesheni watoto. Tuwafundishe mapema, tulipe ada, tuwanunulie vitabu, tuwapeleke hospitali wakiugua. Siku matokeo yatakapotoka, kabla ya kumwuliza amepata daraja gani, tumwambie kwamba jina lake halitabadilika kwa karatasi hiyo. Akiwa amefaulu, tumsaidie kutafuta jirani anayehitaji kipaji chake. Akiwa ameshindwa, tuketi naye, tule naye, tupange naye upya. Na wale wasimamizi wa ubatizo walioahidi mbele ya usharika kumtunza katika imani, siku hiyo ndiyo ya kumpigia simu.